Uvimbe Uliokuwa Ukigonga Misumari

Mashine ya misumari ya inchi tatu iliwashwa asubuhi kama kawaida, ikaanza kufanya kazi, na haikutoa sauti. Aliyeiendesha alikuwa mama wa makamo, na alikuwa amesimama kando yake miaka mingi kiasi kwamba sakafu ilibonyea kwa umbo la viatu vyake. Asubuhi hiyo alikuwa anafuta grisi mikononi kwa tambara. Aliona waya ukivutwa, ukikatwa, ukibamizwa kichwa, na misumari ikidondokea sandukuni kimya kimya kama manyoya ya kuku. Akainua mkono kumwita fundi mitambo.

Fundi alikuja na spana yake, akafungua kifuniko, akachungulia, akafunga. Mashine ilikuwa nzima. Akakaza nati moja ambayo haikuwa imelegea, ili asionekane amekuja bure. Yule mama akatumia nafasi hiyo kwenda msalani, na alipovuka tu mlango mashine ikapasua kelele yake ya siku zote, fundi akaangusha spana. Mama aliporudi, kimya kikarudi naye. Fundi akamkagua kama alivyoikagua mashine, hasa upande wa kushoto, maana mpini wa kuendeshea uliwekwa mahali ambapo mtu hana budi kusimama sikio la kushoto likiielekea mashine.

"Mashine haina tatizo," alimwambia msimamizi. "Kelele inaingia kwa huyu mama, halafu haitoki."

Kisha akaenda kunywa chai.

Msimamizi aliitwa Mjomba na kiwanda kizima, ingawa hakuwa mjomba wa mtu yeyote mle ndani. Alimuuliza yule mama kama anaumwa. Akajibu kwamba haumwi, ila anahisi ameshiba upande mmoja wa kichwa. Mjomba akasema kushiba si ugonjwa. Tangu siku hiyo wakamwita Mama Kimya, na kazi ikaendelea.

Inafaa ieleweke kwamba katika kiwanda kile watu hawakuzungumza kwa mdomo. Mbele ya mashine zile mdomo ulikuwa wa kulia chakula tu. Walizungumza kwa mikono: ngumi kifuani ni chai, vidole viwili begani ni meneja, kiganja shingoni ni waya umekwisha. Walisengenyana kwa mikono, wakachumbiana kwa mikono, na mmoja wao aliyekatwa vidole viwili na mashine ya kukata waya ilisemekana ana kigugumizi. Mazoea hayo waliyabeba hadi mitaani. Mjomba hakuweza kununua mkate dukani bila mikono yake kuanza kusema ya kwake, na mara nyingi ilisema kwamba mkate wenyewe ni wa jana.

Habari za sikio la Mama Kimya zilipanda ngazi hadi kwa meneja, na meneja hakuwa mtu wa kuacha kitu kizuri kipotee bure. Mwezi ule ule mkaguzi wa kelele alitarajiwa. Alikuwa akija kila mwaka na kipima kelele chake, na kila mwaka mashine zilizimwa nusu, kukawa na hasara. Safari hii hakuna iliyozimwa. Mama Kimya aliwekwa kwenye kiti katikati ya ukumbi, akapewa soda, akaambiwa akae tu. Mkaguzi alipita na kifaa chake kati ya mashine zilizokuwa zikibamiza kwa nguvu zote, akasoma kiasi cha kelele kinachofaa msomaji wa gazeti. Alikigonga kifaa mara mbili, akaridhika, akakipongeza kiwanda. Wiki iliyofuata vizibo vya masikio vilivyokuwa vimeahidiwa wafanyakazi kwa miaka vilifutwa rasmi, kwa kuwa mtu hawezi kuziba masikio mahali palipo patulivu.

Baada ya hapo Mama Kimya akawa anaazimwa kama ngazi. Wakurugenzi wakiwa na kikao, aliketi nje ya dirisha la ukumbi wao. Meneja akiwa na wageni nyumbani, alipelekwa kukaa kando ya jenereta ili wageni wale kwa starehe. Mke wa meneja alimtolea mto wa kukalia, akamwambia ana kipaji kutoka kwa Mungu. Mama Kimya aliitikia asante kwa mkono, mwenye nyumba akadhani anafukuza nzi.

Nyumbani kwake kulikuwa na mume msuka viti, kipofu. Zamani alikuwa mchomeleaji katika karakana moja ambayo miwani ya kukinga macho ilikuwa njiani kila mwaka, na macho yalizimika kabla miwani haijafika. Sasa alikaa barazani akisuka viti ambavyo watu wachache walivinunua, kwa sababu dunia ilikuwa imehamia kwenye plastiki, na ndiyo maana mishahara ya misumari ndiyo iliyowasha jiko. Mzee huyu alipenda kuzungumza. Mkewe akirudi kazini alimkuta ameshajaa maneno ya kutwa nzima, na kazi yake jioni ilikuwa kukaa kwenye kigoda na kuyapokea. Alimpenda mumewe waziwazi, hata majirani walimcheka. Ndoa yao ilikuwa ndani ya yale mazungumzo, kwa kuwa mambo mengine uzee ulikuwa umeyapunguza.

Mzee ndiye aliyegundua.

"Mama watoto," alisema jioni moja, "siku hizi ukikaa kushoto kwangu unajibu, ukikaa kulia kwangu hujibu. Na kuna mtu anagonga misumari kichwani mwako."

Mkewe akakiri. Sikio la kushoto lilikuwa limeshakoma kusikia chochote kilichotoka nje. Kizunguzungu kilimfanya atembee akiegemea ukuta, na shavu la upande ule lilikufa ganzi, chai ikawa inamtoka pembeni ya mdomo. Kwa muda alidhani ni uchovu. Alipojilaza ubavu wa kulia, mashine ya inchi tatu ilisikika kwenye mto, mbali kidogo, ikifanya kazi bila kupumzika.

Daktari wa masikio alikuwa kijana mwenye subira. Alimpiga picha za kichwa, kisha akaweka kifaa chake cha kusikilizia kifua nyuma ya sikio la kushoto, akasikiliza kwa muda mrefu akitikisa mguu kufuata mapigo. Akasema ameusikia waya ukivutwa. Amesikia king'ora cha chakula cha mchana. Amemsikia pia mwanamume akipaza sauti kwamba vizibo vya masikio vinakuja wiki ijayo, na mwanamume huyo amelisema jambo hilo mara nyingi, sauti yake ikizeeka taratibu. Kwenye mshipa wa kusikia umeota uvimbe, akaeleza. Si saratani, unakua polepole, lakini unasukuma ubongo na lazima utolewe, na ukitolewa utaondoka na sikio hilo.

Mama Kimya aliuliza kama kelele ndiyo iliyouleta.

"Kuhusu uvimbe, mama, sitakudanganya. Wataalamu bado wanabishana," alisema daktari. "Kuhusu kelele kuua usikivu hakuna anayebishana. Hilo sikio la kulia liondoe kwenye ile mashine. Ukilipoteza na hilo, hatuna la akiba."

Mama Kimya alirudi kiwandani na ombi moja tu: ahamishiwe ghala la kufungashia, ng'ambo ya uwanja, ambako kelele hufika imechoka. Mjomba akalipeleka kwa meneja. Meneja akasema suala ni zito, linahitaji Kamati ya Afya na Usalama, na kwa kuwa kamati hiyo haikuwapo, ikaundwa. Mwenyekiti wake alikuwa shemeji wa meneja, muuza magodoro, aliyesifiwa kwa kuwa hakuwa na upande wowote kwa sababu hakuwa na habari yoyote.

Kamati ilikaa katika ukumbi wa wakurugenzi. Kwa mara ya kwanza Mama Kimya aliingia ndani yake badala ya kukaa dirishani. Wafanyakazi wenzake walipangwa kwenye benchi la nyuma. Mtaalamu aliyeletwa na kampuni alifungua kompyuta na kueleza kwamba wapo watafiti waliouona uhusiano kati ya kelele na uvimbe wa aina ile, na wapo walioutafuta wasiuone. Kwa hiyo jambo la haki, akasema, ni kusubiri. Hakutaja usikivu. Hakuna aliyemuuliza kuhusu usikivu, maana ajenda ilikuwa uvimbe.

Kufikia wakati huo sikio lilikuwa limejaa hadi linamwagika. Mtaalamu alipofika kwenye picha yake ya tatu, mashine ya inchi tatu ilianza kusikika kutoka kwa Mama Kimya, kwanza kidogo, halafu kiasi cha kutetemesha glasi za maji mezani. Mwenyekiti akamwomba ajifunge mtandio vizuri, kwa sababu mtaalamu alikuwa hasikiki. Akajifunga. Kupitia kwenye mtandio ikatoka sauti ya Mjomba alipokuwa kijana, ikisema vizibo vya masikio vinakuja wiki ijayo. Mwenyekiti akamgeukia Mjomba, akamuuliza kama hiyo ni sauti yake. Mjomba akajibu kwamba inafanana.

Mtaalamu akatoa ufafanuzi. Kwamba kelele ya kiwanda imo ndani ya uvimbe, akasema, si ushahidi kwamba kelele ndiyo iliyouumba. Huenda uvimbe ulitangulia, ukawa unahitaji kelele, ukaja kuitafuta kiwandani. Kwa maana hiyo, ikitazamwa vizuri, kampuni ndiyo iliyoibiwa. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Ndipo Mjomba akaitwa kutoa ushahidi. Alisimama, akaegemea meza, akakohoa. Mdomo wake ulisema kwamba kelele za kiwanda ni za kawaida kwa viwanda vya aina hiyo, kwamba hajapokea malalamiko, na kwamba uongozi umekuwa msikivu siku zote. Mikono yake, ambayo hakuna aliyekuwa ameipa maelekezo, ilisema mengine. Ilisema: kelele inatula. Ikasema: vizibo havikuletwa hata siku moja, nami nilijua havitaletwa, nikawadanganya. Halafu mkono wa kulia ukapanda, ukagusa nyuma ya sikio lake mwenyewe, ukasema: hata mimi ninao.

Benchi la nyuma lote liliona. Mama Kimya aliona, akamhurumia yule mwanamume, na papo hapo akatamani kumrushia kiatu. Mwandishi wa kikao, ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofa ya juu yenye madirisha mazito, aliandika yale ya mdomo, akaongeza kwamba shahidi alikuwa anahangaika na mikono, pengine kwa ajili ya joto. Mjomba akaketi, akaikalia mikono.

Yule wa kukata waya, mwenye kigugumizi cha vidole, alinyanyuka na kuanza kuirudia kauli ya mikono kwa mikono yake, akikwama hapa na pale. Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba mwenye hoja aitoe kwa mdomo. Mwanamume huyo akafungua mdomo. Miaka yote hakuwahi kusema jambo la kazi kwa kutumia mdomo, na maneno hayakuwa mahali alipoyaacha. Akaomba muda kidogo ayatafute. Mwenyekiti akatazama saa, akasema kamati inamshukuru kwa mchango wake.

Mama Kimya alipewa nafasi mwishoni. Alivua mtandio, akapaza sauti ili aishinde mashine.

"Sitaki mnilipe, sitaki mniombe radhi," alisema. "Mume wangu haoni. Mikono hii tunayozungumzia huku, kwake haifai kitu. Nisipomsikia, hatuna njia nyingine. Nipelekeni ghalani nilinde hili moja lililobaki."

Wajumbe waliguswa. Mmoja alitoa leso. Mwenyekiti akasema kwa huzuni ya kweli kwamba angekubali hata sasa hivi, lakini kumhamisha kwa ajili ya kelele kutakuwa ni kukiri kwamba kelele ipo, na kiwanda kimekwisha pimwa kikaonekana kitulivu. Kamati haiwezi kupingana na kipimo. Baada ya hapo walikunywa chai.

Upasuaji ulikwenda salama. Uvimbe ulitoka mzima, mkubwa kama kokwa ya tende, ukawekwa kwenye chupa ya dawa, na ndani ya chupa ukaendelea kugonga misumari. Wagonjwa wa wodi walilalamika. Hospitali ikaisogeza chupa stoo, kisha stoo ya mbali, kisha siku moja akaja mwanasheria wa kampuni kuidai. Alieleza kwamba kelele iliyomo ilitengenezwa kwa mashine ya kampuni, kwa waya wa kampuni, katika saa za kazi, hivyo ni mali ya kampuni bila shaka yoyote. Daktari akamkumbusha kwamba kamati ilisema haijulikani kelele hiyo inahusiana vipi na kiwanda. Mwanasheria akajibu kwamba hayo yalikuwa masuala ya afya, haya ni masuala ya mali, na mtu mzima hachanganyi mambo.

Chupa ikachukuliwa. Iliwekwa kwenye rafu ya mapokezi, na umeme ulipokatika walifungua kizibo ili wateja waliokuwa getini waendelee kuamini kwamba kazi inakwenda.

Mama Kimya alipopona alirudi kazini, kwa sababu viti vilikuwa bado havinunuliwi. Meneja mwenyewe alishuka kumpokea. Alisema watu huko nje wanaisema vibaya kampuni, lakini kampuni ina utu, na wakati yeye alikuwa kitandani wamemwandalia jambo. Akamshika mkono hadi kwenye mashine ya inchi tatu. Ilikuwa imepakwa rangi mpya, na mpini wa kuendeshea ulikuwa umehamishiwa upande wa pili, ili lile sikio la kushoto lililoteseka lipumzike. Sasa atasimama akiielekezea mashine sikio la kulia, ambalo bado ni zima na lina nguvu. Fundi mitambo, aliyeifanya kazi hiyo, alikuwa anatazama ncha ya spana yake. Wafanyakazi wakapiga makofi, maana waliambiwa wapige. Mjomba alikuwa ameweka mikono mifukoni, na tangu siku ya kamati hakuna aliyeiona nje ya mifuko isipokuwa wakati wa kula.

Jioni hiyo alimweleza mumewe. Hakupamba wala kupunguza, kwa kuwa mzee alikuwa na masikio ya kugundua uongo kabla haujatoka kinywani. Mzee alisuka mistari kadhaa, akaivuta kamba hadi ikakatika. Mkewe akamshika goti.

"Kwa hiyo sikio hilo nalo litaota uvimbe," alisema mzee hatimaye.

"Daktari anasema si lazima."

"Litaota. Basi kama ni kuota, wasiwe peke yao wanaolijaza. Wakija kuupasua, wanikute na mimi ndani."

Akaanza kusema. Alisema asubuhi mkewe akifunga viatu, akamsindikiza hadi kona ya barabara akisema, fimbo mkononi, na jioni alikuwa anamngoja kwenye kona ile ile ameshaanza. Alimweleza rangi ya gauni alilokuwa amevaa siku walipokutana, na kwamba ilikuwa ya hovyo ila hakuthubutu kumwambia. Alimfundisha kusuka kiti toka kamba ya kwanza hadi ya mwisho. Alilalamikia chumvi, alimteta kuku wa jirani, alimpa maagizo ya mazishi yake kisha akayabadilisha. Yaliyokuwa mazito aliyasema kwa sauti ya chini, mdomo ukigusa sikio la kulia, na hayo hayahusu mtu mwingine. Sauti ikimkauka alikunywa maji ya vuguvugu akaendelea. Mchana mkewe alisimama kwenye mashine, na mashine haikutoa sauti. Mkaguzi alikuja tena mwaka ule, akakipongeza kiwanda.

Mama Kimya alirudi kliniki alipohisi ile hali ya kushiba, safari hii upande wa kulia. Daktari alimtazama kwenye picha, akachukua kifaa chake akakiweka nyuma ya sikio. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Akasema, akipaza sauti ili imfikie, kwamba uvimbe upo, mdogo sana, na kwamba anasikia misumari, lakini nyuma ya misumari kuna mtu.

"Ni mume wangu," alisema Mama Kimya, akatabasamu kwa ule upande wa uso uliokuwa bado unaweza. "Anasema nini?"

Daktari aligandamiza kifaa, akazuia pumzi. Alisogeza juu kidogo, akasogeza chini. Mle chumbani hamkuwa na sauti yoyote, hata ya feni.

"Sisikii vizuri, mama," alisema. "Misumari imezidi."

Mama Kimya alimshukuru, akajifunga mtandio, akawahi kiwandani. Zamu yake ilikuwa inaanza mchana.